Majani yanayoelea bwawani: ukiona hivi, chanzo ni hiki

Bwawa langu lina mita 4 kwa 3, kina mita moja kasoro kidogo. Nimelitandika nailoni nzito nyuma ya jiko hapa Mwanza na ndani kuna sato hamsini na kitu. Ndege nimewahi kuwazuia kwa nyavu, na wezi kwa mbwa. Kilichonikosesha usingizi zaidi ni majani yanayoelea: leo yamejaa ukuta kwa ukuta, mwezi ujao yamekuwa ya njano, mwezi unaofuata hayapo kabisa. Na kila nilipochunguza hadi mwisho nilikuta majani hayana kosa. Yalikuwa yananisomea maji, na mimi nilikuwa sijui kusoma.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kwa sababu mtu hutafuta msaada akiwa ameona kitu. Lakini kabla ya dalili yoyote, shika fimbo kavu.

Una mmea gani?

Chovya fimbo kwenye ule ukijani ulio juu ya maji, kisha uitoe. Ikitoka na chembe chembe zilizoshikana nayo, kila moja ndogo kama punje ya ufuta au mtama uliobonyezwa, na chini yake uzi mmoja wa mzizi, hiyo ni dakwidi. Ikitoka na vipande vyenye magamba, vinavyofanana na tawi dogo la mvinje lililolazwa, ni azola. Ikitoka na nyuzi ndefu kama nywele, huo ni mwani, na mwongozo huu haukuhusu sana. Ikitoka imepakwa kitu kama rangi ya mafuta, cha kijani kinachoelekea bluu na chenye harufu ya uozo, acha kila kitu. Huo ni ule mwani wenye sumu: usinyweshe mifugo maji hayo, na watoto wasiyaguse.

Mikubwa huhitaji macho tu. Saladi ya maji inafanana na letusi changa, majani yake yana vinyweleo laini kama mahameli na maji huyateleza. Gugumaji, watu wa ziwani hatuhitaji kuelezwa: mashina yamevimba kama vifuko vya hewa, maua ya zambarau. Salvinia ina majani mawili mawili ya duara yaliyojikunja katikati. Ukiyatazama kwa karibu utaona vinyweleo vilivyogawanyika na kuungana tena nchani, mithili ya mchapo wa kupigia mayai. Yungiyungi simo kulizungumzia, maana lile limeshika mizizi chini na shida zake ni nyingine.

Jina lina uzito kwa sababu kasi inatofautiana. Penye joto na chakula cha kutosha, dakwidi hujizidisha mara mbili ndani ya siku mbili au tatu, azola siku tatu hadi tano, gugumaji wiki moja hadi mbili. Mtu mwenye dakwidi akisema "nitasafisha Jumamosi ijayo" ameshachelewa.

Alfajiri samaki wote wako juu, midomo wazi

Hii ndiyo inayoua, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwaka mmoja nilisafiri kwenda msibani mwezi wa Aprili, nikakaa siku tisa. Kijana niliyemwachia nyumba aliwaonea samaki huruma, akawa anawalisha mara mbili ya kawaida. Niliporudi usiku sikwenda bwawani. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nikatoka na tochi. Azola ilikuwa imetanda kama mkeka, haina hata tundu, isipokuwa kwenye kona moja karibu na bomba ambapo palikuwa na upenyo usiozidi sinia. Samaki wote walikuwa wamebanana pale, midomo juu, inafunguka na kufunga. Hawakukimbia hata nilipowamulika.

Jirani yangu ni mzee aliyevua ziwani zaidi ya nusu ya maisha yake, na huamka mapema kuliko jogoo. Alichungulia juu ya ua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hao samaki wako wanaomba dua?"

"Wanakufa, mzee. Nina dawa ya maji ndani, nikailete?"

"Dawa ya nini? Wafungulie dirisha kwanza."

Tangu siku ile sehemu ya maji niliyoiacha wazi naiita dirisha, na sijapata neno zuri zaidi.

Kinachotokea ni hiki. Wengi tuliambiwa shuleni kwamba mimea hutoa oksijeni, tukahitimisha kuwa majani mengi bwawani ni hewa nyingi kwa samaki. Lakini majani yanayoelea hutoa oksijeni yake hewani, huko juu yalikoelekea. Wanaotia oksijeni ndani ya maji ni wale mimea wadogo wasioonekana, wanaoyapa maji rangi ya kijani, na hao wanahitaji jua. Ukifunika bwawa lote, umewazimia taa. Papo hapo umeziba uso wa maji, mahali ambapo hewa huingilia. Chini ya mkeka samaki wanaendelea kuvuta, mizizi inavuta, na bakteria wanaokula majani yaliyooza na chakula kilichobaki wanavuta kuliko wote. Usiku mzima ni kutoa bila kuingiza. Maji ya nyuzi 28 katika mwinuko wa Mwanza yakishiba yana takriban miligramu 7 tu za oksijeni kwa lita, na sato huanza kuteseka ikishuka chini ya 3. Akiba ni ndogo, na mwisho wake ni alfajiri. Siku mbili tatu za mawingu ya masika zikitangulia, hali huwa mbaya zaidi.

La kufanya asubuhi hiyo: vuta majani kutoka nusu ya bwawa, taratibu, kwa reki au kipande cha chandarua kilichoshonewa fremu. Usiparue chini, kwa sababu tope likivurugwa litameza hata oksijeni iliyobaki. Kisha chota maji ya bwawa kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu ya kichwa chako, tena na tena, yaingie na mapovu. Mimi na kijana tulipokezana karibu saa nzima. Kama una maji ya mvua kwenye simtanki, fungulia, yaanguke kutoka juu. Siku hiyo usilishe kabisa. Samaki wangu walianza kushuka jua lilipopanda, nikapoteza wanne.

Usitoe yote kwa mkupuo. Najua hasira inavyokutuma. Lakini maji yaliyojaa mbolea yakipigwa na jua ghafla, ndani ya wiki yatakuwa mazito ya kijani kama mchuzi wa kisamvu, na mchuzi huo nao utakunyonya oksijeni usiku. Na samaki wasio na pa kujificha mdiria atawaona kutoka mbali.

Sasa, si kila samaki anayehema juu amezibiwa na majani. Tazama saa. Wanahema alfajiri tu, saa tatu asubuhi wameshuka: ni oksijeni, ama ya majani ama ya ukijani uliozidi. Wanahema mpaka saa tisa alasiri jua likiwaka na dirisha likiwa pana: tafuta amonia ya chakula kingi, ugonjwa wa matamvua, au sumu iliyoingia kutoka shamba la jirani aliyepuliza dawa. Hapo kutoa majani hakutasaidia kitu.

Kipimo ninachotumia mimi ni majani theluthi moja ya bwawa. Kiangazi kikali naruhusu yafike nusu kwa ajili ya kivuli. Zaidi ya hapo, hapana.

Unatoa, yanarudi, unatoa, yanarudi

Tuseme una beseni moja la azola inayojizidisha kila siku nne. Siku ya nne ni mabeseni mawili, ya nane manne, ya kumi na mbili manane, ya kumi na sita ni kumi na sita. Ukija siku hiyo ya kumi na sita ukatoa nusu kwa jasho jingi, umelirudisha bwawa siku nne nyuma, basi. Ndiyo maana anayetoa beseni moja kila baada ya siku mbili hufanya kazi ndogo kuliko anayetoa mlima mara moja kwa mwezi. Mimi hutoa ninapokwenda kulisha, kama mtu anavyochuma mchicha.

Lakini kama hata hivyo unashindwa, swali si majani, ni nani anayeyalisha. Anza na mkono wako mwenyewe. Chakula cha samaki ambacho hakikuliwa ni mbolea. Wape kiasi wanachomaliza ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano, na kama unatumia pumba na mashudu, ujue pumba zinazozama hazionekani, na zisizoonekana huwa nyingi. Kisha samadi: magunia ya kinyesi cha kuku yanayoning'inizwa kwenye kona ya bwawa ni desturi nzuri kwa bwawa la udongo lisilo na majani. Kwenye bwawa lililojaa dakwidi, unamnenepesha adui. Toa gunia wiki mbili uone.

Kama hulishi kupita kiasi na samadi huna, subiri mvua inyeshe, uvae koti utoke ukaangalie maji yanaingilia wapi. Nilifanya hivyo mwaka wa pili nikakuta mfereji mwembamba, upana wa vidole vitatu, ukitoka chini ya banda la kuku moja kwa moja hadi ukingoni. Siku za jua hauonekani hata kidogo. Nilipandisha tuta la udongo la urefu wa tofali moja, na mwezi uliofuata azola ilipungua bila mimi kubadilisha jambo jingine.

Mizizi nayo itakuambia. Ng'oa saladi ya maji au gugumaji uitazame chini. Mmea ulio kwenye maji yenye utajiri huwa na majani makubwa na mizizi mifupi, maana chakula kinaufuata mdomoni. Mmea wenye njaa huteremsha mizizi mirefu kama ndevu za mbuzi ukitafuta. Mizizi mifupi na majani makubwa: punguza unachoingiza. Hakuna duka litakalokuuzia kipimo rahisi kuliko hicho.

Na wakati unapunguza, yafungie mahali pamoja. Kwa saladi ya maji, kamba yenye chupa tupu za maji zilizofungwa vizibo, kutoka ukingo hadi ukingo, inatosha. Dakwidi itapita katikati ya chupa ikikucheka. Hiyo inataka fremu ya bomba la plastiki la nusu inchi: vipande vinne, kona nne, gundi ya mabomba. Kwa bwawa kama langu theluthi ni mita 4 za mraba, yaani fremu ya mita 2 kwa 2, ambayo inamaliza mita 8 za bomba. Gundi ikikauka, kabla ya kuitia bwawani ingiza kila kona ndani ya ndoo ya maji na uishikilie hapo. Ukiona kiputo hata kimoja, paka tena. Kona moja ikivuja fremu itajaa maji pole pole, na asubuhi ya pili utaikuta chini, dakwidi imesambaa kote. Yangu ya kwanza ilizama hivyo. Ya pili nilishonea na pindo la chandarua la upana wa kiganja kuelekea chini, upepo usiyarushe majani kupita chini ya bomba.

Fremu hiyo unaweza kuigeuza: badala ya kufungia majani ndani, yafungie nje, na ndani ndiyo liwe dirisha na mahali pa kulishia.

Majani yamekuwa ya njano

Angalia ni yapi yaliyotangulia. Kama ni ya zamani, ya nje, na ya katikati bado mabichi, mmea unakosa nitrojeni na unajila wenyewe, unahamisha chakula kutoka kwa wazee kwenda kwa watoto. Mara nyingi utakuta na mizizi imerefuka. Hiyo hutokea kwenye bwawa jipya lenye maji safi kupita kiasi na samaki wachache. Si ugonjwa. Samaki wakikua itaisha yenyewe, au punguza idadi ya mimea, wabakie wanaotosha chakula kilichopo.

Kama yaliyotangulia ni majani machanga ya katikati, yamekuwa meupe meupe na mishipa yake imebaki kijani, tatizo ni madini ya chuma. Hili huwapata wanaojaza bwawa kwa maji ya kisima kirefu yenye magadi. Kuna watu hutupa misumari bwawani wakitumaini itasaidia. Msumari utaota kutu, na kutu katika maji yenye magadi hainyweki na mzizi, kwa hiyo umepata maji ya njano na majani ya njano. Ninachofanya mimi ni kuchanganya kidogo mbolea ya maji yenye madini ya chuma, ile ya kupulizia majani, ndani ya beseni pembeni, nikailoweka mimea siku moja, kisha nikaisuuza na kuirudisha. Siimwagi bwawani, maana mbolea hizo nyingine zina shaba, na shaba haiwapendi samaki. Mvua zikianza, ruhusu maji ya paa yaingie, shida itapungua.

Mmea ukiungua kingo na kuwa kahawia, kisha kundi zima likalegea ndani ya siku chache, onja maji. Wakazi wa pwani, Kigamboni au Mombasa, ambako visima vingine vina chumvi, hili linawahusu kuliko sisi. Perege huvumilia chumvi kiasi bila kulalamika, kwa hiyo samaki watakuwa wazima na majani yamekufa yote, na wewe utadhani ni wadudu. Hakuna dawa yake zaidi ya kubadilisha maji.

Na saladi ya maji iliyotolewa kwenye kivuli ikawekwa jua la saa sita itababuka siku ile ile. Isubiri wiki, itoe majani mapya yaliyolizoea jua.

Azola imekuwa nyekundu

Haijafa. Azola hugeuka nyekundu ikipigwa na jua kali, ikipata baridi, au ikikosa fosforasi. Nitrojeni haiikosi kwa urahisi, kwa sababu ndani ya majani yake wanaishi vijidudu vinavyoivuta kutoka hewani. Walioko Lushoto, Njombe au Limuru wataiona nyekundu kila kipupwe na kijani joto likirudi. Huku kwetu ni jua: weka kivuli cha makuti upande mmoja, na baada ya siku kadhaa chini ya kivuli itakuwa kijani na nje nyekundu, utajua umepata jibu. Ikiwa kahawia na inazama, hiyo sasa imekufa, itoe isioze.

Niliweka majani, yametoweka

Yako tumboni. Sato hula dakwidi na azola kama sisi tunavyokula karanga, bila kuhesabu. Saladi ya maji hawaimalizi, lakini wananyonyoa mizizi mpaka mmea unabaki kama kofia inayoelea na kupinduka. Kama una bata, wala usihangaike na uchunguzi.

Otesha kwenye beseni au pipa lililokatwa nusu, pembeni, kwa maji ya bwawa lenyewe, na uwape samaki kwa kiganja. Dakwidi iliyokua vizuri ina protini nyingi na hupunguza gharama ya chakula, ingawa haimtoshi sato peke yake.

Matundu, makwaruzo, na vidudu vyeusi

Vidukari weusi waliojazana katikati ya saladi ya maji au mgongoni mwa azola huyafanya majani yajikunje. Zamisha mmea kwa mkono, utikise, hesabu mpaka kumi; vidukari vitaelea na samaki watavimaliza kabla hujanyanyua kichwa. Rudia baada ya siku tatu. Usipulize dawa ya mbogamboga. Nyingi ni za jamii ya pirethroidi, na tone lisilomdhuru mchicha linaua samaki bwawa zima.

Ukiona kwenye gugumaji makwaruzo madogo ya mraba mraba, kama mtu amekwangua kwa kucha, umetembelewa na mbawakavu wa Neochetina. Wametoka Amerika Kusini, nyumbani kwa gugumaji lenyewe. Waliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1990 makusudi walile, na huko Kenya walizalishwa Kibos karibu na Kisumu. Waache wale.

Mbu wameongezeka tangu uweke mimea

Watu hujibu: haiwezekani, nina samaki. Viluwiluwi wa kawaida, wanaopanda juu kuvuta hewa, sato na wenzake huwapunguza kweli, ilimradi wawafikie. Lakini wapo mbu wa jamii ya Mansonia ambao viluwiluwi wao hawapandi kabisa. Huchoma mrija wao kwenye mzizi wa saladi ya maji au gugumaji na kuvuta hewa iliyomo ndani ya mmea, wamejificha katikati ya ndevu za mizizi. Ili kuwaona, telezesha beseni jeupe chini ya mmea, uunyanyue pamoja na maji yake, kisha utikise mizizi kwa nguvu na usubiri dakika kadhaa. Ukiwaona, ondoa mimea yenye mizizi mirefu na ubaki na azola au dakwidi, ambazo mizizi yake ni mifupi mno kuwaficha.

Wakati unatikisa utakutana na konokono pia. Ikiwa mimea au maji umechota ziwani, vaa buti na glavu, kwa sababu konokono wa kichocho hupenda kung'ang'ania mimea hiyo na anaweza kuja ameshabeba ugonjwa.

Harufu ya yai viza

Majani yaliyokufa yamezama na yanaoza chini pasipo hewa. Mara nyingi huanza baada ya mtu kupuliza dawa ya kuua magugu: siku ya kwanza anashangilia, wiki inayofuata majani yote yamelala chini na samaki wamelala juu. Usikoroge tope. Vuta lile tabaka la chini kwa mpira wa maji, ulimwage kwenye migomba, ujaze maji safi kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Nusu nzima kwa siku moja itawashtua samaki.

Gugumaji na salvinia

Hizi mbili sizifugi, na ukiniuliza nitakwambia usizifuge, hata kama maua ni mazuri na jirani anagawa bure. Mbegu za gugumaji hukaa kwenye tope miaka hata zaidi ya kumi zikisubiri, kwa hiyo "nimetoa yote" haina maana. Utaona miche midogo kama mchele ulioota kila maji yakipungua, ing'oe ikiwa bado midogo. Salvinia haina mbegu ya kuogopwa, ila kipande cha ukubwa wa ukucha kinatosha kuanza upya, hivyo usiikate kate wakati wa kuitoa.

Na usiitupe mtaroni. Gugumaji lilionekana mito ya Sigi na Pangani miaka ya 1950, kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 likaingia Ziwa Victoria likishuka na Mto Kagera, na waliokuwapo miaka ya 1990 wanakumbuka mialo iliyofungwa na mitumbwi iliyokwama. Mtaro wa nyuma ya nyumba yangu unaishia ziwani. Wako huenda unaishia huko pia, au mtoni.

Mimi nilichotoa hukitandaza juu ya bati kuukuu upande wa jua, mbali na mfereji, na hukigeuza kwa uma siku ya pili. Majani haya karibu yote ni maji: ndoo kumi zikikauka hazifiki uzito wa ndoo moja. Azola na dakwidi safi huwamwagia kuku zikiwa bado mbichi, nao hugombana. Zilizotoka kwenye maji machafu au karibu na gereji siwapi, kwa maana mimea hii hunyonya na madini yenye sumu. Hizo huenda chini ya maua. Zinazobaki zinaingia kwenye shimo la mboji, tabaka la majani, tabaka la pumba kavu, na zikilowana sana hunuka, kwa hiyo naongeza pumba.